Mkeka Usiojua Kubembeleza

Nilipomwambia kijana tunayefanya kazi naye katikati ya jiji kwamba natafuta mkeka mzuri, aliniuliza, "Wa mechi ngapi?" Sikumlaumu. Mjini siku hizi mkeka ni ule wa kubashiri, orodha ya timu kumi na mbili ambazo kumi na moja zitashinda na ya kumi na mbili itakuvunja moyo dakika ya tisini. Nikamweleza kwamba wangu ni mkeka wa gofu: unautandika nyumbani, unasimama kando yake, unasukuma mpira polepole uelekee shimoni, unauokota, unaanza tena.

Akafikiri kidogo. "Kwa hivyo hakuna pesa?"

"Hakuna."

"Na hakuna mtu mnashindana?"

"Hakuna."

Akanitazama kwa huruma, kisha akarudi kwenye simu yake.

Tangu siku hiyo nimenunua mikeka miwili, nikautoa mmoja, nikapokea ushauri kutoka kwa watu ambao hawajawahi kushika fimbo ya gofu, na nimefikia kauli ambayo hakuna muuzaji atakayekuambia: mkeka unaofaa ni ule usiokusaidia.

Neno lenyewe tumelirithi kwa mafundi. Pwani, mkeka huanza na ukindu uliokatwa, ukaanikwa, ukachanwa kuwa vipande vyembamba. Vipande hivyo husukwa kuwa ukili, utepe mrefu unaokunjwa kwenye mzingo kadiri unavyoongezeka, na ukili hushonwa ubavu kwa ubavu hadi upana unaotakiwa upatikane. Msukaji akivuta zaidi upande mmoja, hakuna atakayejua wakati kazi ingali mapajani pake. Itajulikana siku ya kutandika: pembe moja itainuka, au katikati patafura kama andazi. Ndiyo maana mnunuzi aliyezoea hanunui mkeka uliokunjwa. Huutandaza chini, huuzunguka, hutazama pembe zote nne, ndipo anapotaja bei yake, ambayo kwa kawaida ni nusu ya ile aliyotajiwa.

Mimi nilinunua uliokunjwa.

Ulikuwa ndani ya boksi refu jembamba, katika duka moja la mjini ambalo sitalitaja, na juu ya boksi palikuwa na picha ya bwana mmoja mwenye meno mazuri akitabasamu kana kwamba mpira umeshaingia. Upana wake ulikuwa sentimita 30, urefu mita 3 kasoro kidogo. Mwishoni ulikuwa na kilima kidogo chenye tundu, na kando yake mfereji wa plastiki wa kurudishia mpira. Ukiingiza, mpira ulirudi wenyewe hadi miguuni kama mbwa aliyefunzwa vizuri. Katika wiki tatu nikawa naingiza mipira tisa kwa kila kumi. Nilianza kutembea kwa madaha ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata nikaenda uwanjani, huku kwetu magharibi ya jiji. Kwenye grini ya kwanza, ile nyasi fupi inayozunguka shimo, mpira wangu ulikuwa kama mita 3 kutoka shimoni, umbali ule ule wa sebuleni. Nikausukuma jinsi nilivyozoea. Ukalipita shimo bila kulisalimu, ukasimama mita 2 mbele. Kedi wangu, mbeba mkoba wa fimbo, mzee mwenye mvi na kofia iliyofifia rangi, hakucheka. Aliuendea mpira, akaupangusa, akanipa, akasema kwa upole, "Mkubwa, nyumbani uko na ile ya kupanda kilima?"

Alikuwa ameusoma mkeka wangu kutoka kwenye mikono yangu. Nilikuwa napiga kama mtu anayepandisha mzigo ngazi, na pale grini hapakuwa na ngazi.

Tangu hapo nimeufikiria sana ule mkeka, na kila nikiufikiria nauona una kosa jingine. Kilima ndicho kosa kubwa. Mpira usiopigwa kwa nguvu hauwezi kukipanda, kwa hiyo mkono unafunzwa nguvu ambazo shimo la kweli halizihitaji na halizisamehe. Mfereji nao, uliokuwa ndio fahari ya boksi lote, unaondoa ile safari fupi ya kwenda kuokota mpira. Waswahili tunasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika zoezi hili methali hii si mafumbo hata kidogo: mpira uliokosa huingia chini ya kochi, nawe unapiga magoti, unapapasa vumbi, unatoka na mpira pamoja na kalamu iliyopotea mwezi uliopita. Katika kuinama huko ndipo mtu anapojiuliza kwa nini amekosa. Mpira unaorudi wenyewe hauulizi wala hauulizwi.

Halafu upana. Ukanda wa sentimita 30 una kingo mbili zilizonyooka, na macho hufuata kingo hizo kama treni inavyofuata reli. Grini haina reli. Isitoshe, miguu yako iko kwenye vigae na mpira uko juu ya mkeka uliopanda milimita kadhaa, kwa hiyo unajifunza kupiga mpira ulio juu ya nyayo zako, hali ambayo uwanjani huikuti ila kwenye mteremko. Na kwa kuwa ulikuwa umekaa boksini umekunjwa tangu kiwandani, ulikuwa na mikunjo isiyokubali kulala. Wazee walishasema mkeka mpya haulaliwi vema. Huu wangu hata mpira haukulala vema juu yake. Penye mkunjo wa tatu mpira uliruka kidogo kuelekea kulia, kila mara, nami bila kujua nikajizoeza kulenga kushoto. Nilikuwa nimehitimu katika mkeka ule peke yake, na hakuna uwanja duniani unaoutambua mtihani huo.

Msomaji asiyecheza gofu atauliza kwa nini nijitaabishe hivi kwa ajili ya kusukuma mpira umbali wa sebule. Hesabu ni fupi. Uwanja wa kawaida wa mashimo 18 hupangiwa mapigo 72, na kati ya hayo 36, mawili kwa kila shimo, yamehesabiwa kuwa ya kwenye grini. Nusu ya mchezo, basi, ni ile sehemu isiyo na mbio wala misuli. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na mpira hupaa mbali zaidi katika hewa yetu nyepesi, jambo linalowafurahisha sana wageni kutoka Mombasa, lakini mwinuko huo haumsaidii mtu yeyote akishashika fimbo ya grini, ile yenye uso bapa inayoutembeza mpira chini kwa chini. Shimo lina kipenyo cha milimita 108, mpira ni milimita 43 hivi. Ukiwa mita 3 kutoka shimoni, uso wa fimbo ukigeuka nyuzi moja na kidogo tu, mpira wako haulengi shimo tena bali ukingo wake. Nyuzi moja ni ndogo kuliko kosa la mtu anayening'iniza picha ukutani akaamini imenyooka. Hata wachezaji wa kulipwa wa Marekani, ambao hawana kazi nyingine, wakiwa futi 8 kutoka shimoni huingiza takriban mara moja katika kila mbili. Mkeka unaokuingizia tisa kwa kumi kutoka mbali zaidi ya hapo unakudanganya, na unajua unakudanganya.

Nilimuuliza yule mzee kedi yeye alijifunzia wapi. Akaniambia alijifunza nyuma ya nyumba yao, upande wa Kibera, kwenye kiwanja alichokuwa akikifagia mama yake kila asubuhi na kukinyunyizia maji ili vumbi litulie. Alichimbia kopo la mafuta ya kupikia ardhini. Fimbo ilikuwa kipande cha chuma kilichofungwa kwenye mti. "Mama akifagia vizuri," alisema, "mpira ulikuwa unaenda kama kwa kioo. Asipofagia, ulikuwa unaona kila jiwe." Nikamwambia huo ndio mkeka bora niliowahi kuusikia. Akacheka. Alidhani natania.

Sikuwa natania. Katika viwanja vingi vya zamani barani Afrika, palipokosekana maji ya kutunza nyasi laini, grini zilikuwa za mchanga uliochanganywa na mafuta. Kabla ya kupiga, mchezaji au kedi wake alipitisha kifaa cha kusawazisha kutoka mpirani hadi shimoni, akatengeneza njia nyoofu. Mchanga haukuwa na cha kuficha. Mpira uliacha alama ya ulikopita, mstari mwembamba kama mwandiko, na ukitaka kujua ulikosea wapi uliusoma tu.

Gofu ya Nairobi ina umri karibu sawa na jiji lenyewe. Reli ilifika hapa 1899. Kufikia 1906 klabu ambayo leo inaitwa Royal Nairobi ilikuwa imeanzishwa. Railway, ile inayoonekana ukiwa umekwama kwenye jam ya Uhuru Highway, ilianza 1922, na Karen Country Club 1937, kwenye vitongoji vilivyoota palipokuwa na mashamba ya kahawa. Kwa miongo kadhaa Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba mkoba wa mwingine. Lakini mbebaji alikuwa anatazama, na wengi wa Wakenya wa kwanza kucheza gofu ya kulipwa walitokea kwenye ukedi huo. Kila kedi wa umri wa mzee wangu atakuambia alikuwepo Muthaiga mwaka 1978 bingwa Seve Ballesteros aliposhinda mashindano ya Kenya Open. Ikiwa wote wanasema kweli, siku hiyo hapakubaki hata inchi moja ya nyasi isiyokanyagwa. Mashindano hayo yalianza 1967, na 2019, pale Karen, yakapandishwa hadhi kuwa sehemu kamili ya ratiba kuu ya Ulaya. Mzee huyazungumzia kama mtu anavyozungumzia mtoto wa jirani aliyefaulu.

Nyasi nazo zina historia yake. Ile nene inayotambaa kwenye njia za viwanja vyetu, ambayo ulimwengu mzima unaiita kikuyu, asili yake ni nyanda hizi hizi za juu za Afrika Mashariki. Imesafirishwa hadi Afrika Kusini, Australia na California, ambako uwanja maarufu wa Riviera, huko Los Angeles, unajulikana kwa ajili yake. Kwenye grini, hata hivyo, hutakiwa nyasi nyembamba zaidi, zinazovumilia kunyolewa hadi milimita tatu au nne, na hata zikinyolewa hivyo bado hulala upande mmoja. Ukisukuma mpira kufuata zilikolala, unateleza; ukisukuma kinyume chake, unakokota miguu. Jambo hilo ndilo lililonifaa nilipoanza kutafuta mkeka wa pili, kwa sababu zulia nalo hulala.

Lakini kwanza kasi. Mwaka 1935 Mmarekani aitwaye Edward Stimpson alikuwa akitazama mashindano ya US Open kwenye uwanja wa Oakmont. Akaona mpira wa Gene Sarazen, mmoja wa mabingwa wa zama zake, ukibingirika hadi nje ya grini. Watazamaji wengine waliona mchezaji aliyekosea. Stimpson alishuku grini zenyewe, akaenda nyumbani akatengeneza kipimo: kijiti chenye mfereji. Unaweka mpira kwenye kijidaraja karibu na ncha ya juu, unakiinua polepole mpaka mpira uporomoke wenyewe, kisha unapima umetembea futi ngapi kwenye ardhi tambarare. Chama cha gofu cha Marekani kilikikubali rasmi miaka ya sabini. Grini ya klabu ya kawaida hutoa futi 8 hadi 10. Za mashindano makubwa hupita 11. Nakipenda kifaa hiki kwa sababu hakina betri, hakina kioo, na fundi yeyote mwenye randa anaweza kukuchongea chako. Changu ni cha mbao, sentimita 91. Tatizo ni kwamba mkeka wa mita 3 hautoshi kukipima kitu chenye kasi ya futi 10, maana mpira utafika mwisho na kugonga ukuta ukiwa bado na hamu ya kuendelea. Toleo la 2013 la kipimo hicho lina kijidaraja cha pili kinachopunguza safari ya mpira kuwa nusu, unazidisha kwa mbili. Nikaliiga.

Nikiwa na mpira mmoja mfukoni na kijiti kile ndani ya gazeti, nikaanza kuzunguka maduka ya mazulia mjini.

Mahali pa kwanza pa kupoteza wakati ni kwenye nyasi bandia, zile za kutandika kwenye roshani na kuzunguka madimbwi ya kuogelea. Zinavutia macho. Ni za kijani kuliko nyasi zenyewe. Lakini nyuzi zake ni ndefu, milimita 20, 30, na mpira ukiingia humo unazama kama ng'ombe kwenye matope. Unalazimika kuupiga ndipo utoke. Ziko nyasi bandia zilizotengenezwa kwa ajili ya kazi hii, fupi, zilizosongamana, na mwenye fedha na ua nyuma ya nyumba azinunue kwa amani. Mimi nina sebule ya ghorofa ya tatu karibu na Dagoretti Corner.

Jibu langu lilikuwa limelala kwenye kona ya duka, limeegemezwa ukutani: kapeti ya ofisini. Ile ngumu, fupi, ya rangi ya kijivu kilichochoka, ambayo sote tumeikanyaga tukingoja kuitwa jina. Nikamwomba muuzaji aifungue. Akaifungua mita moja. Nikamwomba nyingine mbili. Akanitazama. Nikachuchumaa, nikatoa kijiti, nikauachia mpira.

"Sasa mteja wangu," akasema, "unanunua kapeti ama unacheza?"

"Vyote viwili."

Alikaa kimya kwa mipira mitatu. Kwenye wa nne akaniuliza kwa nini narudia. Nikamwonyesha kuwa nikitokea upande wa mlango mpira unakwenda mbali zaidi ya nikitokea upande wa ukuta. Akainama, akapitisha kiganja juu ya kapeti, mbele na nyuma, jinsi mtu anavyompapasa paka. "Imelala huku," akasema. "Sijawahi kuona hiyo, na nimeuza kapeti miaka mingi." Kuanzia hapo alikuwa upande wangu. Alileta kipande kingine, tukakijaribu, tukakikataa. Aliponiona nakanyaga kwa kisigino na kungoja alama ifutike, naye akakanyaga. Wateja wawili walisimama kutuangalia. Kosa dogo: kapeti iliyo na mpira mwepesi chini yake huteleza kwenye vigae, ile yenye mgongo mzito hutulia, nasi tulikuwa tumeshaipenda ile nyepesi. Tukaanza upya. Hatimaye tukapata moja ambayo kwa kijiti changu ilitoa kama futi 9 ukifuata ilikolala, na 8 ukienda kinyume. Ningeweza kupata yenye kasi zaidi. Lakini nilikuwa nachagua mkeka unaofanana na grini ninazozikuta mimi Jumamosi. Za Ballesteros nilimwachia mwenyewe. Nikakatiwa mita 2 na nusu, upana zaidi kidogo ya mita moja, ili nami nisimame juu yake pamoja na mpira. Haikuwa na shimo, kilima wala mfereji, na bei tukaelewana bila kelele.

Shimo sikulihitaji. Nilichukua sarafu ya shilingi 20, ile mpya yenye tembo, nikaibandika juu ya kapeti. Mpira ukipita juu yake unasikia "ti" ndogo, na ukikosa husikii kitu. Sarafu ina upana wa robo ya shimo hivi. Mtu aliyezoea kumpata tembo, akifika uwanjani, shimo analiona kama ndoo. Na kwa kuwa hakuna kinachouzuia mpira, unaona uliposimama baada ya kupita. Dave Pelz, aliyekuwa mwanasayansi wa NASA kabla ya kuhamishia darubini zake kwenye grini, alifikia hitimisho kwamba mpira wenye nafasi nzuri zaidi ya kuingia ni ule ambao, kama shimo lingefunikwa, ungepita na kusimama inchi 17 mbele, kama sentimita 43. Nikachora mstari wa chaki hapo. Sasa kila mpira ulikuwa na maswali mawili: umempata tembo? umefika chaki, haukuipita? Siku ya kwanza nilijibu yote mawili kwa usahihi mara tatu katika hamsini.

Na mipira ilikuwa inakwenda kushoto. Si yote, lakini mingi mno kuwa bahati. Nikailaumu kapeti, nikaigeuza mwisho kuwa mwanzo. Ikaenda kulia, yaani upande ule ule wa chumba. Nikailaumu mikono yangu; nikasimama mbele ya kioo cha kabati usiku wa manane nikitazama viwiko kama mshonaji anayepima suti. Mipira ikaendelea kuelekea roshani, kwa upole, kama inayoitwa na mtu.

Nikaenda kumwona fundi wa mbao. Kwenye Ngong Road, kuelekea uwanja wa mbio za farasi, mafundi wamejipanga kando ya barabara na vitanda vyao, makochi yao na milango yao, wamepungua tangu barabara ilipopanuliwa lakini wapo. Huyu alinitengenezea rafu zamani. Alikuja nyumbani jioni moja na pimamaji, akaiweka sakafuni karibu na dirisha. Tukainama pamoja. Kipovu kilikuwa kimekimbilia upande mmoja.

"Mwalimu," akasema, ingawa sijawahi kuwa mwalimu, "mkeka wako hauna shida. Ni nyumba ndiyo inaenda."

Waliojenga waliipa sakafu mwelekeo wa roshani ili maji ya kudekia yatoke. Nimeishi humo miaka sita, nikaidekia mara zisizohesabika, nikayaona maji yakitoka, na sikuwahi kujiuliza kwa nini yanatoka. Kipande cha kapeti ya ofisi kiliniambia kwa wiki moja, nami nikakiita mwongo.

Tulikubaliana juu ya plaiwudi. Ubao mzima wa plaiwudi ni futi 4 kwa 8, na nilipotaja kwamba futi 8 ndio umbali ambao wale wa kulipwa huingiza nusu na kukosa nusu, fundi alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa kwamba randa yake imetajwa kwenye gazeti. Siwezi kuutumia urefu wote, kwa sababu lazima pabaki nafasi ya chaki nyuma ya tembo, lakini napenda kujua kwamba upo.

Kitu nilichokuja kukiandika hapa ni alivyouchagua ubao huo. Kwa muuza mbao palikuwa na rundo. Alitoa wa kwanza, akausimamisha kwa ubavu, akainua ncha moja hadi usawa wa shavu, akafumba jicho la kushoto. Akatazama kwa muda ukingo wote hadi mwisho. Akaurudisha. "Huu umelewa." Wa pili, hivyo hivyo: "Huu pia." Wa tatu aliugeuza mara mbili, akatazama kutoka mwisho wa pili, kana kwamba ushahidi wa upande mmoja haumtoshi. Nilikuwa nimeyaona hayo yote. Nilikuwa nimewaona watu uwanjani wakichuchumaa nyuma ya mpira, jicho moja limefumbwa, fimbo ikining'inia mbele ya uso kama timazi, wakarudi upande wa pili wa shimo wakachuchumaa tena. Nilidhani ni mbwembwe za mchezo wa matajiri. Kumbe ni mkao wa seremala. Fundi huyu amefanya kazi miaka mingi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Royal Nairobi na hajawahi kuingia ndani ya ua wake, lakini kama ningekuwa na mpira wa mita 2 wa kuamua mashindano, ningemwomba yeye anisomee mstari.

Alichukua wa sita.

Siku ya kuuweka, alikuja na mwanafunzi wake mmoja. Walipandisha ubao ngazi tatu wakipumzika kila kona. Tulipindua kochi. Ubao ukalala, kapeti juu yake, pimamaji juu ya kapeti. Kipovu bado kilikuwa kinaegemea roshani. Fundi akapiga magoti, akalaza shavu sakafuni kabisa, akafumba jicho. Akaomba kitu chembamba cha kuweka chini ya pembe. Nilitafuta kadi, nikatafuta kipande cha boksi. Vyote vilikuwa vinene. Akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi ya kubashiri iliyokunjwa mara nne, akaifungua, akaitazama kidogo.

"Mkeka wa Jumapili," akasema. "Timu moja tu iliniangusha."

Akaukunja tena, akausukuma chini ya pembe kwa ncha ya patasi. Kipovu kikasogea, kikasita, kikasimama katikati ya mistari miwili.

Nikauweka mpira. Nikachuchumaa nyuma yake, nikatazama, nikasimama, nikausukuma. Ukaenda katikati ya kapeti bila kugeuka kushoto wala kulia, ukagusa sarafu, "ti", ukaendelea taratibu, ukafa karibu na mstari wa chaki.

"Pole," akasema yule mwanafunzi. "Umekosa."

"Hapana. Huo umeingia."

Akatazama kapeti yote, kuanzia miguuni pangu hadi ukutani. "Umeingia wapi?"